Mistari Kumi na Tisa

Saa mbili na robo asubuhi, zikiwa zimebaki saa sita kasoro robo kabla fundi umeme hajapelekwa mahakamani kusomewa shitaka la kuua, mama mmoja na binti yake waliingia ofisini kwa Afande Kanda. Mama alisalimia. Binti hakusalimia. Alisimama, akaitazama meza, akasema kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana:

"Ulisoma mistari kumi na mbili. Karatasi ina mistari kumi na tisa."

Kanda alicheka. Alikuwa na kicheko chake cha kazini, kipana, kilichowahi kufungua midomo ya wezi wengi kuliko kofi. "Karibuni, karibuni. Mwanangu, hata chai sijanywa umeshaanza kunihesabia?"

"Mimi nimekunywa," alisema binti.

Mama yake aliketi ukingoni mwa kiti, akaomba radhi kwa kuja bila kuitwa. Alieleza kwamba huu ni usiku wa kumi binti halali sawasawa. Akiamka tu, ni hiyo mistari. Yeye kama mzazi angeipuuza, ila mwanawe tangu utotoni akishahesabu kitu, hakosei. Aliwahi kuhesabu vigae vya hospitali wakati wanangoja daktari, na fundi aliyekuja kubadilisha vigae akanunua pungufu kwa kutomsikiliza.

Hilo jina la Kanda hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kama kanda ya kunasia sauti: umwambie neno leo, atakurudishia mwakani na kikohozi chako ndani yake. Hakutembea na daftari. Askari wapya waliambiwa wamwangalie, huyu ndiye mpelelezi, haandiki, hapekui makaratasi, na hakuna kinachompita. Miaka ishirini na mitatu alisifiwa hivyo, na kila aliposifiwa alicheka kile kicheko.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Siku kumi zilizopita, kwenye kiwanda cha kushona sare, mtunza stoo alidondoka ndani ya shimo la lifti ya mizigo kutoka ghorofa ya tatu, akafa palepale. Dakika hiyohiyo taa za jengo zima zilizimika. Upande wa lifti hauna dirisha. Taa zikizimika, hata saa sita mchana utapapasa ukuta. Lifti yenyewe ilikuwa juu, ghorofa ya nne. Na chini, kwenye chumba cha swichi, alikuwepo fundi umeme peke yake, mbele ya namba ndogo inayoonyesha lifti iko wapi. Asubuhi ileile yeye na marehemu walikuwa wamegombana mbele ya watu, na fundi akamaliza ugomvi kwa kusema, "Utakiona cha mtema kuni."

Msimamizi wa kiwanda, aliyekuwa ghorofa ya pili, alikuwa wa kwanza kumpokea Kanda siku ile, tena kwa soda baridi. Alisema taa zilizimika, akahesabu moja, mbili, ndipo akasikia kishindo. Maana yake fundi alizima makusudi, giza likaingia, mtunza stoo akakanyaga hewa akidhani anakanyaga lifti.

Ghorofa ya tatu kulikuwa na shahidi mmoja tu, binti huyu. Kazi yake ni kukagua vifungo, ndiyo maana kiwanda kizima kinamwita Dada Vifungo. Wenzake walikuwa wameshuka kula. Yeye hali nao kwa sababu makelele ya kantini yanamuumiza masikio. Ana usonji, na hilo halifichi wala halitangazi. Kwa ripoti ya Kanda, naye alisema taa kwanza. Mashahidi wawili, ugomvi mmoja, fundi mmoja. Jalada likafungwa.

"Lakini mwanangu, saini uliweka," Kanda alisema taratibu. "Nilikusomea, nikakuuliza ni sawa, ukasema ni sawa."

"Niliweka saini kwenye kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni sawa. Ulichosema wewe sikukiwekea saini."

Kwenye kona, karani aliacha kupiga mashine.

Kanda aliwaomba mama na binti wakae kwenye benchi la nje kidogo. Alifunga mlango, akarudi mezani, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Hebu nitolee yale maelezo ya binti, unisomee. Miwani yangu sijui nimeitupa wapi."

"Miwani iko usoni, afande."

Kanda aliigusa. Kweli ilikuwepo.

Karani hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mwandiko wake kama nyuzi za cherehani, na kwa miaka tisa alikuwa akimsomea bosi wake majalada bila kuuliza. Leo miwani, kesho taa hafifu, keshokutwa "soma wewe, nataka kusikia yanavyoingia sikioni." Alifungua jalada, akasoma kwa sauti ya chini.

Mstari wa saba mpaka wa kumi na tatu ulisema hivi: afande ameuliza kipi kilitangulia, taa kuzimika au kishindo. Shahidi amejibu vilikuwa pamoja. Afande ameuliza tena mara tatu, haraka haraka. Shahidi amejibu vilevile kila mara, kisha ameziba masikio. Afande amesema, "Kwa hiyo ni taa." Shahidi amesema, "Kwa hiyo ni taa." Shahidi amerudia maneno ya afande kama yalivyo, kama alivyorudia salamu alipoingia.

Mstari wa kumi na sita ulisema: msimamizi alifunga utepe wa buluu kwenye komeo la mlango wa lifti siku ya Jumatatu, ili mlango ufunguke hata kama lifti haipo.

Kanda alikumbuka. Kichwa chake kilikuwa na kila kitu, hata mlio wa feni ya siku ile. Binti alianza habari za utepe, naye akamkatisha, akamwambia twende kwenye la msingi. Halafu ulipofika wakati wa kumsomea shahidi maelezo yake, kama utaratibu unavyotaka, aliishika karatasi mbele ya uso, akasogeza macho kushoto kwenda kulia kama anayesoma, akasema alichokikumbuka. Na alichokikumbuka ni kile alichotaka kukisikia.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilidhani umesoma, afande." Karani alikunja kona ya karatasi, akaikunjua. "Hapana. Huo ni uongo. Nilijua hujasoma. Nilidhani umekumbuka."

Nje, Kanda hakukaa kwenye kiti cha wageni. Alikaa kwenye benchi, upande wa mama, akamuuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza siku kumi nyuma. Inawezekanaje vitu viwili viwe pamoja kabisa? Duniani kimoja hutangulia, hata kwa unywele.

Mama alimjibu kwa televisheni. Ya kwao ni mbovu, sauti inakuja nyuma ya picha. Msomaji wa habari anafumba mdomo, maneno ndiyo kwanza yanatoka. Wageni wote wanaotembelea pale wanalalamika. Watoto wake wawili hawalalamiki, huyu na kaka yake. Wao wanaona iko sawa tu.

"Daktari aliwapima wote wawili kwa taa na kengele," alisema. "Huyu ana usonji. Kaka yake ana disleksia, herufi zilimtesa shule mpaka akaomba aende kuchunga magari. Hali mbili tofauti, si ndugu. Lakini kwa hili walilingana. Akasema kila mtu ana kama kidirisha, na kinachoingia kidirisha kikiwa wazi, kichwa kinakipokea kama kitu kimoja. Cha kwangu chembamba. Cha wanangu kipana. Akasema si wote wenye hali hizo wako hivyo, ila wengi."

"Kwa hiyo akisema pamoja..."

"Hadanganyi. Kwake ni pamoja. Ukimlazimisha achague, unamlazimisha aseme uongo, na uongo hauwezi. Ndiyo maana anaziba masikio."

Kanda alitazama sakafu. Nyumbani kwake mkewe hugombana na televisheni kila jioni, anaipiga kofi ubavuni, anasema sauti inakimbizana na picha. Yeye humwambia mama watoto, mbona iko sawa.

"Mama," alisema baada ya muda, "hicho kidirisha kinaweza kupimwa barabarani?"

Nyuma ya kituo kuna barabara iliyonyooka kando ya maghala, yenye nguzo za taa kila baada ya mita hamsini. Sauti huchukua sekunde moja kusafiri mita mia tatu na arobaini. Hilo Kanda alifundishwa chuoni, akalishika kwa masikio kama alivyoshika kila kitu. Dereva wa kituo alipewa debe na kipande cha bomba, akaambiwa apige, asogee nguzo moja, apige tena. Dereva aliuliza kama hili ni agizo la kiofisi au afande amepata jua kichwani. Aliambiwa yote mawili.

Safari hii Kanda hakuharakisha. Alimweleza binti kila kitakachotokea, akamwambia hakuna jibu la makosa, na dereva hatapiga mpaka yeye mwenyewe anyanyue mkono. Binti alifikiri, akauliza ni mapigo mangapi kwa kila nguzo. Mawili. Akakubali.

Nguzo ya kwanza, wote walisema pamoja. Nguzo ya pili, debe lilipigwa, na sauti mbili zikajibu kwa mpigo mmoja.

"Pamoja," alisema binti.

"Pamoja," alisema Kanda.

Mama na karani walitazamana. "Vimepishana, afande," karani alisema kwa upole. "Mkono umeshuka kwanza."

Nguzo ya tatu, karani na mama waliona waziwazi: bomba linagonga, linanyanyuka, ndipo mlio unafika, kama mtu aliyechelewa harusini. Binti alisema pamoja. Kanda alijifanya anasafisha miwani. Nguzo ya nne binti alisema pamoja. Nguzo ya tano alinyanyua mkono, akasikiliza mapigo yote mawili, akashusha mkono.

"Bomba. Halafu sauti. Hivi si pamoja."

Karani alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. Mita mia mbili na hamsini ni kama robo tatu ya sekunde. Alichokiita binti pamoja hakiwezi kuzidi hapo.

Mama alikuwa bado anamwangalia Kanda, kwa namna ile ya wazazi waliokaa kwenye mabenchi mengi ya madaktari.

"Baba, samahani. Wewe kusoma unasomaje?"

Karani aligeuka, akaiangalia nguzo ya taa kana kwamba imepandwa asubuhi ile. Kanda alitafuta kicheko, hakikuja.

"Kwa taabu, mama."

"Nilihisi," alisema mama.

Kiwandani walifika saa nne na nusu. Msimamizi aliwapokea mlangoni, mikono miwili, soda tayari. Alipomwona Dada Vifungo nyuma ya Kanda, alimwambia afande pembeni kwamba yule binti ni wa kumvumilia tu, leo atasema hivi, kesho vile. Kanda alimshukuru kwa ushauri. Aliomba gunia moja la vipande vya vitambaa, na lifti ipelekwe ghorofa ya nne.

Walisimama ghorofa ya tatu, mlango wa lifti ukiwa umefunguliwa kwa ufunguo wa mafundi. Kanda alisukuma gunia. Chini, dereva alisikika akiruka pembeni na kumtaja mama yake mzazi. Karani alionyesha simu: sekunde moja na nusu.

"Moja na nusu," alisema Kanda. "Na hapo gunia halikupoteza muda kutembea gizani. Bwana msimamizi, wewe ulihesabu moja, mbili. Hesabu yako nzuri sana."

"Ndivyo ilivyokuwa, afande. Nilisema tangu siku ile."

"Ulisema. Sasa nisaidie. Taa zimezimika. Hapo hujui kama kuna mtu anaanguka. Hujasikia kitu. Ulikuwa unahesabu nini?"

Msimamizi aliitazama chupa ya soda mkononi.

"Maana mimi taa zikizimika natukana kwanza, halafu natafuta simu," Kanda aliendelea, bila kupandisha sauti. "Anayehesabu ni yule anayejua kuna kitu kinakuja. Au yule aliyekaa baadaye na kupiga hesabu mtu huchukua muda gani kufika chini."

"Afande, ni namna tu ya kusema."

"Basi subiri hapahapa, na soda yako."

Hesabu sasa ilijipanga yenyewe, na Kanda aliisema kwa sauti ili karani aandike. Kama giza ndilo lililomwangusha mtunza stoo, basi kati ya taa na kishindo kungepita sekunde moja na nusu, zaidi kwa kweli. Pengo hilo ni mara mbili ya lile ambalo Dada Vifungo analitambua. Angesema taa, halafu kishindo, kama alivyosema bomba, halafu sauti. Hakusema hivyo. Alisema pamoja, mara nne, mpaka alipozibwa mdomo. Kwa hiyo taa zilipozimika, mtu alikuwa ameshafika chini au karibu kabisa kufika. Aliingia shimoni taa zikiwaka.

"Kwa hiyo fundi hakumzimia," alisema karani.

"Na kama angezima baada ya kusikia kishindo, mpaka ashtuke, ainuke, afikie swichi, pengo lingekuwa refu zaidi. Fundi alituambia nini siku ya kwanza?"

Karani hakuhitaji kufungua jalada. "Kwamba swichi kuu iliruka yenyewe."

"Nikamwambia swichi haina miguu," alisema Kanda. Siku ile chumba kizima kilicheka.

Alishuka shimoni mwenyewe, shati jeupe na yote. Chini, kwenye ukuta, kulikuwa na kisanduku cha nyaya za lifti kisicho na mfuniko. Siku ya ukaguzi wa kwanza waliuona weusi wake, wakaandika kwamba ni grisi ya zamani. Kanda aliupangusa kwa kidole. Ulikuwa masizi. Fundi alikwisha kuomba mfuniko mara tatu; ugomvi wa asubuhi ile ulikuwa ndio huo, mtunza stoo kukataa kutoa mfuniko bila kibali, na fundi kumwambia siku akiguswa na umeme atakiona cha mtema kuni. Hilo nalo fundi alilieleza. Kanda alilikumbuka neno kwa neno, sasa lilipokuwa halimsaidii mtu.

Kati ya nyaya mbili palikuwa na kitu kidogo, kimeyeyuka upande. Dereva alikata swichi, Kanda akakichomoa kwa koleo, akapanda nacho juu, akamwonyesha Dada Vifungo kwenye kiganja. Hakumwambia ni nini wala alipokitoa.

"Shaba," alisema binti mara moja. "Milimita ishirini. Mashimo manne, moja limeziba kwa moto. Ni cha koti la stoo. Makoti ya stoo ni mawili tu. La pili liko kwenye msumari, lina vifungo vyake vyote vitano."

Hivyo mwili ulipofika chini, koti lilipiga kisanduku, kifungo cha shaba kikaunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kuunganishwa, na swichi kuu ikaruka ili kuokoa jengo. Kishindo na giza vilizaliwa pamoja. Aliyesema kweli tangu mwanzo alikuwa ni yule ambaye hakuna aliyemsikiliza.

Lilibaki komeo. Kazi yake ni moja, kuuzuia mlango usifunguke kama lifti haipo. Kanda alipitisha kucha nyuma ya bamba lake, akavuta nyuzi tatu za buluu, fupi kama kope. Akazilaza mezani mbele ya msimamizi, kando ya chupa ya soda.

"Nani alikata?"

Msimamizi aliziangalia kwa muda mrefu. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayeomba msamaha kwa kuchelewa kazini. Oda ilikuwa kubwa. Lifti ilikuwa inakawia, watu wanasimama na mizigo mlangoni. Alifunga utepe ili mlango usiwasumbue, akawaambia wote waangalie kabla ya kuingia. Mtunza stoo alikuwa amebeba majora, hakuona mbele. Aliposikia kishindo alikimbia juu, akaukata utepe gizani kwa mkasi wa kwanza alioukuta.

"Sikumsukuma, afande. Wallahi sikumsukuma."

"Najua hukumsukuma," alisema Kanda. "Ulifanya kazi iende haraka."

Akalisikia neno lenyewe lilivyotoka.

Saa saba kasoro walikuwa mbele ya mkuu wa kituo. Msimamizi alikuwa kaunta akiandikishwa. Dada Vifungo na mama yake walikaa kwenye viti vya ukutani. Mkuu, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, alisikiliza habari za debe, gunia na kifungo bila kuuliza swali. Kisha akaweka karatasi mbili sambamba: maelezo ya binti, na ripoti ya Kanda iliyomweka mtu mahabusu siku kumi.

"Hii inasema pamoja. Hii inasema taa kwanza. Zimetoka ofisi moja, siku moja." Alinyanyua macho. "Karani alikosea?"

Aligonga karatasi ya kwanza kwa kidole.

"Kama ni karani, anapata onyo la maandishi, jalada linakwenda safi, fundi anatoka leo. Hakuna haja ya makelele."

Karani alikuwa anaangalia viatu vyake. Ana miaka tisa kazini, watoto watatu, na hakuwa na nia ya kusema neno. Kanda aliliona hilo, na ndilo lililomchoma kuliko lile swali. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na lifti haipo.

"Karani aliandika sawasawa, mkuu. Mimi sikusoma."

"Hukupata nafasi?"

"Sijui kusoma. Yaani najua, ila herufi zinanifikia zote kwa pamoja, siwezi kujua ipi imetangulia. Ukurasa mmoja unanichukua nusu saa. Kwa hiyo huwa nasema ninachokumbuka. Binti alinihesabia mistari. Nilisema kumi na mbili."

Mkuu alizipanga upya zile karatasi mbili. Angefoka, ingekuwa nafuu.

"Miaka ishirini na mitatu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mkuu."

"Majalada mangapi?"

Kanda, ambaye alikumbuka kila kitu, alikumbuka na hilo. Aliitaja idadi. Mama wa Dada Vifungo aliinamisha kichwa, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa nguo.

"Kesho asubuhi tunaanza la kwanza," alisema mkuu. "Mimi, wewe na karani. Yote. Na kama kuna mwingine aliyekaa ndani kwa kumbukumbu zako, tutamjua." Alisukuma ile karatasi upande wa pili wa meza. "Utaratibu unasema shahidi asomewe maelezo yake. Huyu hajasomewa bado. Msomee."

Kanda aliichukua. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, kama mtoto wa darasa la kwanza, na jasho likamtoka mbele ya bosi wake, mbele ya karani wake, mbele ya mama wa watu. Alisoma "kishiko" badala ya kishindo, akarudi. Alisoma mstari wa nane mara mbili, akaruka wa tisa, akaambiwa, akaurudia. Alipofika pale palipoandikwa kwamba shahidi ameziba masikio, alisimama, akasogeza kidole, akaendelea. Feni ilizunguka. Mkuu hakuangalia saa hata mara moja. Ilimchukua dakika ishirini na mbili.

Binti alikuwa akikunja kidole kwa kila mstari, na vidole vilipokwisha akavianza upya.

"Kumi na tisa," alisema. Akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa mara ya pili.

Alipopita mlangoni alisimama mbele ya Kanda, akamtazama kwenye kifungo cha pili cha shati, ndiko anakowatazamia watu. "Leo ulisoma polepole," alisema. "Hivyo ni vizuri zaidi."

Saa nane kasoro dakika kumi, fundi umeme alitolewa mahabusu. Alikuwa amekonda shingo. Alimpita Kanda bila salamu, akaenda kusimama kaunta, kwenye daftari la mali za mahabusu. Askari wa zamu alikuwa bado na msimamizi chumba cha pili, kwa hiyo Kanda mwenyewe alileta bahasha, akaimwaga juu ya meza, akafungua daftari.

Alijua kila kitu kilichokuwemo. Alikuwepo kilipoorodheshwa. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ulishageuza daftari upande wa fundi na kuonyesha mahali pa saini.

"Fundi," alisema, "nimekukosea. Nilikucheka, na hukuwa na la kuchekwa. Sina..."

Fundi hakuchukua kalamu. Alilirudisha daftari taratibu mpaka likakaa mbele ya Kanda.

"Nisomee kwanza," alisema.

Watu watatu waliokuwa wakingoja kwenye benchi walinyanyua nyuso. Kanda alivuta kiti, akakaa, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Bi," alisema. "Bisi. Bisibisi. Moja."

Fundi aliichukua bisibisi, akaitia mfukoni, akangoja neno linalofuata.